Hakuna Kugawa Mpaka Wote Wapande

Niliondoka Katoro asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Si jambo geni kwangu. Begi langu ni dogo, chumba nilikuwa nimekwisha kukikabidhi, na basi la kwanza kusimama ndilo nililopanda. Wengi wa rika langu sasa wana viwanja na watoto wa shule. Mimi, mahali pakishaanza kunizoea, miguu inawasha. Ushirombo nikashuka kutafuta chai, na nyuma ya duka moja ikanipata harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: harufu tamu ya bablishi iliyofunguliwa sasa hivi, imechanganyika na ya karatasi ngumu, mpya, ya picha.

Wavulana wachache walikuwa wamechuchumaa kivulini, kila mmoja na kibunda chake cha picha mkononi. Siwezi kupita mahali watu wanacheza kitu nisichokijua. Nikaweka begi chini, nikachuchumaa nao.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Hiyo inachezwaje?"

Mwenye meno makubwa ya mbele akanieleza bila kuinua macho. Kila mtu anashusha picha moja. Unatazama nyota zilizo juu. Hizo ndizo nguvu. Mwenye nyota nyingi anashambulia, na mwenzake anaweza kujikinga kama anayo picha ya ngao.

"Na hii namba ya pembeni? Si ndiyo nguvu?"

Wakacheka wote. "Anti, hiyo ni ya kuhesabia tu. Ujue zipi unazo na zipi huna. Ukizipata zote, umefunga seti."

"Nani kawaambia?"

"Imeandikwa kwenye simu ya kaka."

Utotoni mwangu tuligombana, tukang'atana hata, kwa ajili ya namba ile ya pembeni. Maandishi ya picha zetu yalikuwa ya kigeni, vijistari na vijiti visivyosomeka, na simu za kutuelezea hazikuwepo. Sheria tulijitungia wenyewe.

"Mkimaliza mnagawaje?" nikauliza.

"Hatugawi. Anayeshinda anachukua zote."

"Na kama mwenzenu kaitwa nyumbani kabla hamjamaliza?"

Mwenye meno akanitazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mtu mzima. "Atajijua," akasema.

Chai yangu nilikwenda kuinywa, lakini ilikuwa imepoa.

Sisi tulikuwa tunaishi Mwakitolyo, kwenye machimbo. Baba alikuwa amefuata rashi, watu wanapokimbilia mahali inaposemekana dhahabu imeonekana, na hakurudi wala hakuleta neno. Tulibaki mama, kaka yangu Masanja, na mimi. Mama alipika chakula cha wachimbaji chini ya turubai la bluu, na watu wote walimwita Mama Masanja, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kuanzia alfajiri karasha za kusagia mawe zilinguruma mpaka meno yakatetema, na vumbi jeupe lilikaa juu ya kila kitu, juu ya wali, juu ya kope za watu. Nilidhani wachimbaji wote wamezeeka kwa sababu nywele zao zilikuwa nyeupe, mpaka nilipowaona wakioga.

Vumbi hilo ndilo lililotuletea picha. Wachimbaji walitafuna bablishi ili koo lisikauke shimoni, na ndani ya kila pakiti palikuwa na picha moja ambayo mtu mzima hakuwa na kazi nayo. Watoto tulikaa karibu na mdomo wa shimo, ambalo kule huitwa duara, tukiwasubiri wapande kwa kamba. Kichwa kikitokeza tu, tunaimba kwa pamoja, "Shikamoo, picha?"

"Marahaba. Jana si nilikupa?"

"Ile ilikuwa mbuzi, baba. Mbuzi ninaye."

Picha zilikuwa na wanyama na mashujaa. Simba mwenye mabawa tulimwita Shimba, kwa Kisukuma cha nyumbani. Mzee mwenye ndevu za moshi tulimwita Katekista. Chache sana zilikuwa na rangi ya kung'aa kama dhahabu, na hizo tulizishika kwa ncha za vidole. Dotto, mtoto wa fundi wa karasha, aliwahi kuikwangua moja kwa wembe, akakusanya vumbi lake kwenye kizibo, akalipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Yule mnunuzi aliweka kizibo kwenye mzani wake kwa adabu zote, akatikisa kichwa, akasema, "Bado changa. Irudishe ardhini ikomae." Dotto akaenda kuifukia kweli.

Wenye subira walinunua dukani kwa Mangi. Huko Masanja ndiye alikuwa bingwa. Alidai anaweza kuijua picha kwa kuigusa pakiti tu, kwamba zile za kung'aa ni nzito kidogo. Alizibonyeza moja moja macho yake yakiwa juu kama mtu anayesali.

"Usiminye," Mangi alimwambia. "Hayo si maparachichi."

"Naisalimia tu, Mangi."

"Isalimie ukishalipa."

Mchezo wenyewe tuliucheza nyuma ya jiko la mama, penye ardhi ngumu iliyosawazishwa kwa kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Tulichimba kishimo cha kina cha sufuria ndogo. Kila mchezaji aliweka picha yake ndani, uso chini. Kisha kwa zamu tulipiga mdomo wa kishimo kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, na upepo wa kiganja uliiinua picha. Ikigeuka uso juu, tulisema imepanda. Uliyoipandisha ni yako, na mwenye namba kubwa alipata kupiga mara ya ziada. Ila hukuruhusiwa kuishika. Hakuna kugawa mpaka wote wapande.

Hiyo hatukuitunga. Tuliikuta kwenye maduara. Mawe yakishatolewa shimoni hujazwa kwenye mifuko, na mifuko hupangwa mstari. Mwenye shamba, yaani mwenye ardhi, huchukua fungu lake kwanza, kisha mwenye duara, kisha wachimbaji. Lakini hakuna aliyegusa mfuko mtu mmoja akiwa bado chini. Msimamizi wa duara la karibu na kwetu alikuwa Mzee Shija, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. Kabla ya mgawo alisimama mdomoni mwa shimo, akainama, akaita, "Kuna mtu chini?" Wote wakanyamaza kusikiliza. Shimo likikaa kimya, alijinyoosha na kusema, "Wamepanda. Gawa."

Nilikuwa mtoto wa kuulizauliza. Nilimfuata siku moja nikamuuliza kwa nini anaita wakati watu anawaona.

"Macho yanasahau," akasema. "Aliye chini naye ana fungu lake, na lazima alichague kwa mkono wake. Ukimchagulia, umemdhulumu."

Kwa hiyo na sisi, kabla ya kugawa picha, mmoja alikiinamia kile kishimo na kuita kwa sauti nzito, "Kuna mtu chini?" Tukanyamaza, tukisikiliza karatasi. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa wa mama yangu, mimi nilikuwa mwenye shamba. Nilikuwa mdogo kuliko wote, kiganja changu hakikuweza kupandisha hata mbuzi, lakini picha ya kwanza ya kila mgawo ilikuwa yangu, na bila mimi kusema "gawa" hakuna aliyenyoosha mkono.

"Bebe Kabula," Dotto alinilalamikia, bebe ni wewe kwa Kisukuma, "unakula bila kutoka jasho."

"Hata wenye mashamba hawatoki jasho," Masanja akamjibu. "Muulize Mzee Shija."

Masanja alikuwa amemaliza darasa la saba na ndevu zilikuwa zimeanza kumtania kidevuni. Wavulana wa umri wake walikuwa wameacha picha. Yeye hakuacha. Alizipanga kwa namba kwenye kopo la maziwa, na alikuwa na zote isipokuwa moja. Tuliamini kwamba mwenye kukamilisha namba zote angetumiwa kitu na watu waliozitengeneza. Dotto alisema baiskeli. Mimi nilisema baba. Masanja hakutucheka.

Mchana alivuta kamba kwenye duara la Mzee Shija, akiwapandisha wanaotoka chini. Mvuta kamba alipewa chakula na ahsante. Aliyeshuka ndiye mwenye fungu. Nilikuwepo alipomwambia mama kwamba anataka kushuka. Mama alikuwa akipepeta mchele, na ungo haukusimama.

"Nilikuzaa uvute kamba," akasema. "Si uvutwe."

"Mayu, juu hakuna fungu."

"Hata chini si kila mtu hulipata."

Masanja alimpokea ungo, akapepeta yeye, vibaya kama kawaida, mchele ukirukia vumbini, mpaka mama akacheka bila kupenda na kumnyang'anya. Kesho yake alishuka. Mama alimwekea chakula kingi kuliko watu wengine na hakuketi mpaka alipomwona amepanda. Akawa anafanya hivyo kila siku.

Mvua ilikuwa imenyesha siku zile. Siku ninayoisema alikuja mapumziko ya mchana, akala amesimama, akajiunga na mchezo wetu kwa Shimba wake wa kung'aa, yule mwenye mabawa. Akamlaza kishimoni uso chini. Kila mtu alipiga. Picha zote zilipanda, Shimba akabaki amelala.

"Huyo simba kalewa," Dotto akasema.

"Anakusikia, ndiyo maana hataki kuamka."

Wakamwita duarani, kwenye kamba. Zamu yake ya kushuka ilikuwa imefika. Masanja akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mwacheni hapo," akasema. "Nikipanda nitamgeuza mwenyewe. Mwenye shamba, linda." Nikachukua karai la mama, nikalifunika juu ya kishimo na picha zote.

Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni karasha kuzimwa, moja, kisha ya pili, kisha zote, mpaka ukawa ukimya ambao sikuwahi kuusikia pale mchana. Niliweza kusikia kuku akitembea. Halafu watu wakaanza kukimbia, wote upande mmoja.

Ukuta wa duara ulikuwa umekatika. Chini walikuwa Masanja na wenzake wawili. Kabla jua halijazama waliwatoa wale wawili, mmoja akiwa na mguu uliovunjika, wote wakiwa hai, na kambi nzima ilipiga vigelegele. Nami nikapiga. Kama wawili wamepanda, nilijua wa tatu yuko njiani. Mama alisimama pale mdomoni, mkono mmoja umeshika mti wa kamba, na kila kichwa kilichotokeza alikitazama mpaka kikapita.

Walichimba siku zilizofuata. Walifukua kwa majembe, kwa ndoo, na mashine za kuvuta maji zikakohoa moshi usiokwisha. Mimi sikutazama shimo. Nilitazama mifuko. Mawe yaliyotolewa kabla ya ajali yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, midomo imeshonwa, na hakuna aliyeyagusa. Kila asubuhi nilikwenda kuhakikisha yapo. Kwa akili yangu mifuko ile ndiyo ilikuwa ikimshikilia Masanja. Ilimradi imekaa, yeye yupo chini, amekaa, amekula bablishi yake, anasubiri kamba. Na nyuma ya jiko karai lilikuwa limefunika kishimo. Dotto alikuja mara moja akalitazama, akaondoka bila utani.

Kisha asubuhi moja niliwakuta watu wamekusanyika kwenye mifuko. Mashine za maji zilikuwa zimezimwa. Mzee Shija alivua kofia, akaenda mdomoni mwa duara, akainama.

"Kuna mtu chini?"

Wote wakanyamaza. Hakujinyoosha haraka kama siku zote. Aliita tena, akaita kwa jina, "Masanja," akakaa ameinama muda mrefu, mkono nyuma ya sikio. Shimo lilikuwa kimya. Akajinyoosha. Hakusema "wamepanda." Alisema tu, "Gawa," kwa sauti ya chini, na watu wakaanza kuinua mifuko.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena. Mama alikuwa akichambua maharage.

"Mayu, amepanda! Mzee Shija ameita, hakuna mtu chini. Wanagawa!"

Vidole vyake vikasimama. "Unasema wanagawa?"

"Ndiyo."

"Umeona kwa macho yako?"

"Wameinua mifuko. Wanagawa kweli."

Mimi nilikwisha kuchukua sahani ya Masanja, ile ya bati yenye ua jekundu, nikawa naifuta vumbi kwa gauni langu. Mama aliyarudisha maharage kwenye gunia, yote, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa. Akavuta kuni kutoka jikoni moja moja, akazizima kwa mchanga. Akafungua khanga kiunoni, akajifunika kichwani, akaketi chini pale pale penye majivu. Hakupiga kelele. Nilidhani amechoka kwa furaha. Nikamwekea Masanja wali wa jana, nikaufunika.

Nilikuja kujua pale wanawake walipokuja na mikono kichwani. Mmoja aliniondolea sahani taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

Sasa mimi ni mtu mzima na ninaelewa. Maji yalikuwa yamejaa, ukuta wa pili ulikuwa ukipasuka, na Mzee Shija alikuwa na wanaume wengine wenye watoto. Alikuja mwenyewe jioni ile, kofia mkononi, na nyuma yake vijana wamebeba mifuko. Waliitua mlangoni.

"Mama Masanja, hili ni fungu la kijana. Nimemchagulia mimi."

Mama alitazama mifuko. "Irudishe, mzee."

"Ni haki yake."

"Ndiyo. Na mwenyewe yuko chini."

Mzee yule akawaambia vijana wainue. Katekista wa kanisani alikuja kusali kwenye duara, wakalifukia, wakasimika juu yake msalaba wa mti wa mwarobaini.

Sisi watoto tulikutana mara ya mwisho nyuma ya jiko. Nililiondoa karai. Picha zilikuwa vilevile, nyingine zimejikunja kwa unyevu, na Shimba amelala kifudifudi. Hakuna aliyenyoosha kiganja.

"Mwenye shamba," Dotto akasema, "tufanyeje?"

"Fukieni."

"Na hiyo ya kung'aa?"

"Na yenyewe."

Nilidhani atabisha. Dotto ambaye aliwahi kunifuata mpaka chooni kudai mbuzi wake alipiga magoti, akasukuma udongo kwa mikono miwili, na wengine wakamsaidia. Zilikuwamo picha zake nzuri kuliko zote. Akakanyaga juu, polepole, mpaka pakawa sawa.

Tuliondoka bila kumuaga mtu. Mama alikunja turubai, akafunga sufuria kwenye shuka, nami nikabeba kopo la maziwa lenye picha za Masanja ambalo sikuambiwa nibebe wala nisibebe. Nilimuuliza tunakwenda wapi. "Tutajua mbele," akasema. Lori la mchele lilitupakia, tukakaa juu ya magunia, na ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba barabara ikikuchukua, ulichoacha kinapungua ukubwa lakini hakiondoki. Sikurudi shule tena baada ya hapo. Tulishuka Kahama kwa sababu lori liliishia Kahama.

Mtaa wa Nyasubi tulizunguka mchana kutwa tukiuliza vyumba. Kulikuwa na baiskeli nyingi, redio nyingi, na hakuna vumbi jeupe. Watu walikuwa na nywele za umri wao. Nyumba nyingi zilijaa. Nyingine walituangalia miguu wakasema zimejaa. Mwishowe tukafika kwa mwanamke mnene aliyekuwa akisuka nywele za mtu barazani, jina lake Mama Neema. Mama akamwamkia, akaeleza shida yake.

"Chumba kipo," Mama Neema akasema, chanuo mdomoni. "Kidogo, ila hakivuji. Tukuite mama nani?"

Nilimtazama mama. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Niliamini jina lile la zamani limebaki kule na kwamba sasa litakuwa langu. Nilikwisha kulijaribu kimoyomoyo juu ya magunia, Mama Kabula, na lilinibana kama kiatu cha mtu mwingine.

"Mama Masanja," akasema.

Mama Neema akanitazama. "Masanja ndiye huyu?"

"Huyu ni Kabula. Masanja ni kaka yake."

"Naye atakuja?"

Mama alihamisha mzigo bega hadi bega. "Amebaki Mwakitolyo."

Kahama ni mji wa watu wenye ndugu machimboni. Chanuo kilitoka mdomoni. Mama Neema alimtazama mama kwa muda, akanitazama na mimi, na hakuuliza amebaki kufanya nini. Akamwambia yule anayesukwa amsubiri, akainuka, akachukua ufunguo uliotundikwa kwenye msumari.

"Bomba liko uani," akasema. "Ndoo nitakuazima mpaka upate yako."

Akatutangulia kwenye ukumbi mrefu, mwembamba, wenye milango pande zote mbili na harufu ya dagaa na mafuta ya taa. Katikati yake akasimama, akapaza sauti ili wapangaji wote wasikie.

"Jamani, tumepata mgeni. Mama Masanja."

Na kutoka nyuma ya milango ile, kwa watu ambao hatukuwaona sura, wakaitika mmoja baada ya mwingine.

"Karibu, Mama Masanja."

"Karibu sana, Mama Masanja."